Uraia Haumo Kwenye Mate

Makala inayowashauri vijana wa Garissa wapimwe DNA ya mate na kampuni za ng'ambo, wapakue faili ghafi ya matokeo na kuitumia kuthibitisha uraia wao, inawapotosha. Faili hiyo ina mamia ya maelfu ya alama za vinasaba, na hakuna hata moja inayoujua mpaka wa Kenya na Somalia pale Liboi. Wasomali wa pande zote mbili ni jamii moja. Uingereza ilianza kuwapima hivyo waomba hifadhi kutoka Somalia mwaka 2009. Wanasayansi walipinga vikali, mpango ukaachwa.

Na faili yako si yako peke yako: inafichua pia siri za ndugu zako, ambao hawakuulizwa. Tarehe 30 Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kuwasajili watu, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kukusanya DNA kulivyopangwa kunakiuka Katiba. Ngao hiyo tuivue wenyewe?

Shida ya uraia haiko kwenye vinasaba, iko ofisini. Kuna Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab kwa sababu ya njaa, alama zao za vidole zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi, sasa wananyimwa vitambulisho. Serikali iwaondoe kwenye orodha hiyo na iwape haki yao.