Figo mpya, kirusi cha zamani: kurudi nyumbani si mwisho wa matunzo

Familia ya Butembo ao Beni ikiamua kupeleka mgonjwa kupandikizwa figo inje ya inchi, inahesabu pesa za operesheni, safari na nyumba ya kupanga. Iko gharama ingine ambayo ni rahisi kuisahau: vipimo vya miezi na miaka baada ya kurudi.

Operesheni hiyo imesogea karibu na sisi. Tanzania ilipandikiza figo mara ya kwanza pale Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017. Uganda ilifanya yake ya kwanza pale Mulago, Kampala, mwezi wa kumi na mbili 2023. Na tangu M23 ilipochukua Goma mwezi wa kwanza 2025, njia ya kusini imekuwa ngumu zaidi, kwa hiyo macho ya wengi yanaelekea Kasindi na Uganda.

Lakini figo mpya inakuja na hatari ambayo haionekani. Inaitwa kirusi cha BK, cha jamii ya poliyoma. Kilitambuliwa London mwaka 1971, katika mkojo wa mwanaume wa Sudani aliyekuwa amepandikizwa figo. BK ni herufi za kwanza za majina yake.

Watu wengi sana duniani wanakipata wangali watoto, bila kujua. Kinabaki kimelala ndani ya figo, na kwa mtu mwenye afya hakifanyi kitu. Mtu aliyepandikizwa yeye lazima ameze kila siku dawa za kushusha kinga, ili mwili usikatae figo ya mwengine. Kinga ikishuka, kirusi kinaweza kuamka na kuanza kuharibu figo hiyo. Hiyo inafikia wagonjwa mpaka 10 kwa 100.

Shida ni kwamba mara nyingi hakuna maumivu wala homa. Mgonjwa anajisikia muzuri, kumbe figo inaharibika. Ndiyo maana wataalamu wanashauri kupima kirusi hiki katika damu kila mwezi kwa miezi 9 ya kwanza, kisha kila miezi mitatu mpaka mwaka wa pili utimie.

Dawa iliyothibitishwa ya kukiua haiko bado. Munganga anapunguza zile dawa za kinga, ili mwili upigane wenyewe. Akipunguza sana, mwili unaweza kukataa figo. Akichelewa, kirusi kinaimaliza. Kwa hiyo mgonjwa asijipunguzie dawa yeye mwenyewe, hata kama pesa imepungua. Tena asiongeze dawa ya duka ao ya majani bila kuuliza: hata rifampisini ya kifua kikuu inashusha nguvu ya dawa za kulinda figo.

Beni na Butembo hazihitaji kufundishwa kwamba kirusi kinaweza kujificha ndani ya mtu aliyekwisha kutoka hospitalini. Ebola ya 2018-2020 ilituachia somo hilo. Waliopona walifuatiliwa na kupimwa kwa miezi mingi. Na ilipotokea tena upande wa Butembo mwezi wa pili 2021, uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba ilitoka kwa mlipuko ule wa kwanza. BK haiambukizi na kuua kama Ebola, lakini dawa ya uzembe ni ileile: kufuatilia.

Kabla ya kuvuka mpaka, familia iulize maswali matatu: damu itapimwa wapi kisha kurudi? Nani atasoma majibu na kubadilisha dawa? Na kama barabara ya Beni–Kasindi imefungwa kwa vita, sampuli itapita wapi?

Maswali hayo yanagusa pia wakubwa wa afya wa jimbo. Kupima wakati wa Ebola kuliwezekana hapa kwetu kwa sababu serikali na wafadhili walitaka. Bila mpango kama huo, mgonjwa anaweza kupoteza figo kimyakimya, na pengine ni figo ambayo ndugu yake alitoa mwilini mwake.