Mkaa wa Mjini, Ardhi ya Kijijini

Kinyerezi, Dar es Salaam, kunafuliwa umeme kwa gesi inayoletwa na bomba kutoka Mtwara; kituo cha pili peke yake, kilichozinduliwa Aprili 2018, kina megawati 240. Jioni, mitaa ya jirani inapikia mkaa. Magunia yanaingia juu ya pikipiki, na miti iliyochomwa ilisimama kwenye ardhi ya kijiji tusichokijua hata jina.

Kuenea kwa jangwa kukitajwa, watu wa mjini husema mkaa upigwe marufuku. Mwaka 2006 ulipigwa, na katazo halikudumu. Naona tunaanzia pabaya. Ardhi kavu huponywa na anayeishi juu yake, naye hawezi kuiponya kwa hasara yake mwenyewe.

Kondoa, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa mwaka 1979 katika eneo lililoliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, makorongo yakatulia, hilo sibishi. Lakini ng'ombe ni maziwa, ni samadi, ni mahari. Mfugaji ndiye aliyelipia kijani kile.

Shinyanga walipita njia nyingine. Miti ilikuwa imefyekwa kuua mbung'o na kupisha pamba, mpaka mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, uliikuta kwa Wasukuma desturi ya ngitili: malisho yanafungwa masika, yanafunguliwa kiangazi kikali, na humo visiki vinachipua vyenyewe bila mche wa kitalu. Familia ina yake, kijiji kina yake, na dagashida, baraza la jadi, huwatoza faini wanaovunja mipaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Mwenye mifugo mingi ndiye aliyekuwa na ngitili kubwa, kasoro ninayoiona nzito. Hata hivyo maskini naye alipata kuni, dawa na nyasi za kuezekea karibu na nyumbani.

Kilosa, tangu 2012, baadhi ya vijiji vinachoma mkaa kwa zamu: kitalu kilichovunwa huachwa miaka 24 kichipue, na ushuru unabaki kijijini.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono. Lakini siku Kinyerezi yote itakapohamia gesi, mchoma mkaa atakosa ada ya mwanawe, na mpango wowote usiomtaja haujakamilika. Hadi siku hiyo, kila gunia lilipiwe ushuru wa kijiji lilikotoka, hata bei ikipanda. Mimi mnunuzi niko tayari kuulipa.