Mashine ya Msimbati Isingoje Fundi wa Dar es Salaam

Mlinzi wa ghala akiagizwa kugonga kengele kila saa usiku kucha, mwenye ghala hana haja ya kukesha naye. Kengele ikilia, mlinzi yu macho. Isipolia, ama amelala ama amepatwa na jambo, na mtu hutumwa mara moja kwenda kumwangalia. Waundaji wa kompyuta waliitambua hekima hiyo zamani, wakaiwekea mashine saa ndogo ya ulinzi, iliyotengwa na programu zinazofanya kazi ndani yake. Saa hiyo huhesabu kurudi nyuma, pengine kuanzia sekunde kumi na tano, na programu hulazimika kuirudisha mwanzo kabla haijafika sifuri. Programu ikiganda, hakuna wa kuirudisha. Saa hufika mwisho wake na kuiwasha mashine upya bila kumwuliza mtu.

Kifaa hicho si cha anasa. Kimo tayari ndani ya chipu nyingi za bei nafuu. La kusikitisha ni kwamba kinaweza kuwamo katika mashine kisitumike, au kitumike nusu tu, na hiyo nusu ndiyo yenye madhara kwa mikoa iliyo mbali na mafundi.

Tuchukue mfano wa mtambo wa kupimia upepo na mvua uliosimikwa Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma. Aprili 25, 2019, kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka. Katika siku ya namna hiyo umeme hukatika na kurudi mara nyingi, na kila unaporudi kompyuta ya mtambo hulazimika kuamka upya. Ikikwama katika kuamka, vipimo hukatika saa ile ile vinapohitajiwa. Fundi naye atapita wapi? Mei 2024, mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mtwara katika eneo la Somanga, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mashine inayongoja mkono wa mtu ingengoja barabara kwanza.

Kuamka ndiko kwenye shina la tatizo. Kompyuta haiwi tayari mara tu inapopata umeme. Kwanza huamka programu fupi ya kuanzishia. Hiyo hukipakia kiini cha mfumo endeshi. Kiini hukagua diski na vifaa. Mwisho ndipo programu ya kazi huanza kupima upepo. Mafundi wengi huiwasha saa ya ulinzi katika hatua hiyo ya mwisho, mambo yote yakiwa shwari. Yaani mlinzi huajiriwa baada ya ghala kufunguliwa. Mashine ikiganda katika hatua za mwanzo, hakuna saa inayohesabu, nayo hukaa kimya mpaka mtu afike.

Mwaka 1994 Marekani ilikipeleka mwezini chombo kilichoitwa Clementine. Kilikuwa na saa ya ulinzi, lakini programu zake hazikuandikwa ziitumie. Tarehe 7 Mei kompyuta yake ilikosea, injini ndogo zikafyatuka mpaka mafuta yakaisha, na safari ya kukifikia kimondo Geographos ikaishia hapo. Taifa lenye wataalamu na fedha kiasi hicho lilikuwa na dawa mfukoni na halikuinywa.

Hata hivyo kuiwasha saa mapema pekee hakutoshi. Umeme ukikatika ghafla, ukaguzi wa diski unaweza kuchukua dakika kadhaa. Saa iliyopewa sekunde chache itaizima mashine katikati ya ukaguzi, ianze tena, izimwe tena, usiku kucha. Dunia iliona ubaya wa mzunguko wa aina hiyo tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya CrowdStrike iliposambaza faili lenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziliangukia katika kuamka na kuanguka. Faili hilo liliondolewa katika usambazaji kwa muda usiozidi saa moja na nusu, lakini mashine nyingi hazikuweza kulipokea sahihisho, kwa kuwa hazikudumu macho vya kutosha. Mafundi walilazimika kuzifuata moja moja kwa mikono. Kujiwasha upya zilijua. Kilichokosekana ni uwezo wa kushika njia nyingine zenyewe baada ya kushindwa mara kadhaa.

Dawa ya hilo inajulikana. Programu ya kuanzishia huiwasha saa kwanza, kwa muda unaolingana na ukaguzi mrefu kabisa unaotarajiwa. Kiini cha mfumo endeshi huipokea saa hiyo ikiwa inahesabu, wala hakiizimi. Kila jaribio la kuamka huhesabiwa mahali pasipofutika. Baada ya majaribio matatu yaliyoshindikana, mashine huacha nakala iliyoharibika na kuamka kwa nakala ya pili iliyohifadhiwa kando. Na mwenye kuirudisha saa awe ni programu ile ile inayopima upepo, baada ya kuhakikisha kwamba kipimo kimepatikana. Akipewa mwingine kazi hiyo, mashine itakuwa kama mlinzi anayegonga kengele usingizini, na walinzi wa namna hiyo wanafahamika.

Kwa hiyo jambo hili halianzii kwa fundi. Linaanzia mezani kwa mtumishi anayeandika masharti ya zabuni. Yeye huorodhesha ukubwa wa kumbukumbu, upana wa kioo na miaka ya dhamana, kisha hasemi neno juu ya namna mashine itakavyojiokoa. Mwuzaji hawezi kulaumiwa kwa kutoleta kisichoagizwa. Aidha, siku ya makabidhiano, badala ya hotuba na picha, mkaguzi aung'oe waya wa umeme mara tatu mashine ikiwa katikati ya kuamka, kisha aigandishe programu kwa makusudi, mwuzaji akiwa amesimama hapo hapo. Isipoinuka yenyewe, irudi kwenye gari iliyoileta. Mwalimu mkuu aliyekabidhiwa kompyuta zinazotumia umeme wa jua anaweza kufanya jaribio la waya bila kungoja mtaalamu.

Wapo watakaosema kwamba mashine inayojiinua huficha ugonjwa wake, na kwamba heri ife ili kasoro ijulikane. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mashine iliyo katika chumba jirani na fundi. Kwa mtambo wa Msimbati, kila kujiwasha kuandikwe ndani ya mashine kwa tarehe na sababu, taarifa ipelekwe mkoani mtandao unaporudi, na awepo ofisa mmoja anayetajwa kwa cheo ambaye ni wajibu wake kuisoma. Mtambo uliojiwasha mara arobaini kwa mwezi unaomba kufanyiwa matengenezo, na fundi apelekwe kabla ya masika, wakati barabara ingali inapitika.