Kilichotolewa Bure Kikidaiwa Bei



Mwenye huduma ya intaneti akidai malipo, hajatenda dhambi. Mitambo inayotunza picha zetu hula umeme, nao wanaoiendesha wana watoto wa kulisha. Lawama yangu iko katika namna ya kudai.

Kampuni ya Photobucket, iliyoanza mwaka 2003, iliwazoesha watu kuweka picha bure na kuzionyesha katika kurasa zao binafsi. Mwaka 2017 ikabadili masharti. Aliyetaka picha zake ziendelee kuonekana humo alitakiwa kulipa karibu dola 400 kwa mwaka. La sivyo, mahali pa picha pakakaa tangazo la malipo. Hapo mgeni alialikwa mezani, na alipokwisha kula ndipo akaonyeshwa hesabu! Mwaka 2018 bei ilishushwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa.

Flickr nayo ilitangaza Novemba 2018 kwamba asiyelipa atabakiziwa picha 1,000 tu. Hata hivyo, iliwapa watu muda wa kuhamisha zilizozidi kabla ya tarehe iliyopangwa ya kuanza kuzifuta mwaka 2019. Walinung'unika (sishangai), ila aliyetaka alitoka na mali yake.

Nadhani haki iko hapo: anayegeuza masharti awafungulie kwanza mlango wale aliowakaribisha mwenyewe. Nasi tusingoje tangazo. Picha za ubatizo na za mazishi haziwezi kupigwa upya. Nakala zake zikae nyumbani, katika diski au zimechapwa katika albamu.