Mume Yuko Mbali, Video Haifiki

Mwezi huu naziacha habari za jikoni, kwa sababu nimepokea barua ya dada mmoja wa Moshi, na wengi wenu mliobaki nyumbani na watoto mtajiona ndani yake.

Mume wake anasoma Uingereza. Kabla ya kuondoka aliweka sebuleni kompyuta ya zamani, akaitia programu ya bure iitwayo Jellyfin na kujaza humo video zote za familia, ili azitazame kwa simu akiwa ugenini. Moja ni ya dakika 40: marehemu mama mkwe anawabariki wajukuu wake, wiki chache kabla ya kuitwa na Bwana. Tangu familia ihamie nyumba nyingine na kununua ruta ya laini ya simu, mume haipati kompyuta kabisa. Na hata zamani video ya mama ilikuwa ikianza, kisha inakwama. Sasa anasema, "Umeizima, hutaki nimwone mama." Dada anaandika kwamba yapata wiki mbili hawazungumzi ila habari ya ada za shule.

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Sioni kosa lako humo, wala silioni la mumeo, ila hasira yake. Kuna matatizo mawili yaliyochanganyika.

Lakini kabla fundi hajagusa chochote, nakili ile video. Umesema iko kwenye diski moja tu! Diski ikifa, hapana wa kumlaumu tena. Nunua flashi, mwache kijana wako ainakili. Ikikataa faili moja kubwa kupita gigabaiti 4, huenda flashi imepangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32. Na aipange upya kwa exFAT, akiwa na hakika kwamba haina kitu kingine, kwa maana kupanga upya hufuta vyote.

Sasa tupime. Fungua video kwa simu yako ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Ikicheza, kompyuta ni nzima. Kisha zima Wi-Fi, utumie bando la simu, ujaribu tena. Hapo simu yako iko nje ya nyumba sawasawa na ya mumeo, ingawa wewe umekaa kwenye kochi lile lile. Ikigoma, shida haiko Uingereza.

Nadhani itagoma, na sababu ni hiyo ruta mpya. Mnakumbuka shule nzima ilivyokuwa ikitumia sanduku moja la posta? Barua ikifika bila jina la mwanafunzi, mwalimu hajui ampe nani. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Kwa hiyo makampuni mengi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ninyi mkitoka kwenda nje, majibu hurudi vizuri, ndiyo maana kila kitu kingine kinafanya kazi. Ila mgeni anayebisha kutoka nje haelekezwi kwenu. Ukifungua ukurasa wa ruta ukaona anwani ya nje inaanza na 100, na namba ya pili ni kati ya 64 na 127, basi ndivyo ilivyo. Hapo hata fundi akifungua milango yote ya ruta, ni kazi bure.

Waweza kuiomba kampuni anwani yenu wenyewe, na mara nyingi huilipia. Mimi napendelea programu ya Tailscale, ambayo kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Inawekwa kwenye kompyuta na kwenye simu ya baba, zote mbili kwa akaunti moja, nazo huonana kama zimo chumba kimoja. Tena sura za watoto wenu haziachwi mlangoni kwa kila mpita njia, jambo ambalo mafundi wengine hawalifikirii.

(Wenye Plex, angalieni kwanza malipo. Tangu Aprili 2025 kutazama video zako mwenyewe ukiwa nje ya nyumba kunatozwa ada.)

Baki ile ya kukwama. Intaneti huuzwa kwa kasi ya kupakua, lakini mume anapotazama, nyumba yenu ndiyo inayopakia, na kasi hiyo kwa kawaida ni ndogo. Video ya simu ya kiwango cha 1080 yaweza kudai megabiti 17 kwa sekunde. Kama laini yenu inapandisha 5, itakwama hata mkiombea. Mumeo achague ubora wa megabiti 3 katika mipangilio ya kichezeo. Kwa kiwango hicho saa moja hula kama gigabaiti 1.35 za bando lenu, jambo la kukumbuka mwisho wa mwezi. Ila kompyuta hulazimika kuipunguza video wakati ule ule inapotazamwa, na ya zamani yaweza kulemewa. Afadhali kijana aandae mapema nakala ndogo kwa HandBrake, nayo pia ni bure. Ile kubwa msiifute.

Na umeme? Ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi hubaki zimelala mpaka mtu abonyeze. Fundi aiweke iwake yenyewe, na waya wake usichomolewe kwa ajili ya pasi. Huenda hapo ndipo lilipotoka neno "umeizima".

Mkiwa tayari, mpigie simu. Wao wako nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa kiangazi chao, na saa 3 wakati wa baridi, basi chagua jioni ambayo hana kazi. Jaribuni kwanza video fupi ya watoto. Ikipita, mwachie afungue ya mama, nawe usikate simu.