Miwani kwa manahodha wa Ras Kitau

Saa sita mchana, mchanga mweupe wa Ras Kitau, upande wa kisiwa cha Manda, Lamu, unaotazamana na kijiji cha Shela, hautazamiki kwa macho matupu. Manahodha hukunja nyuso na kuendelea na kazi. Upepo wa kaskazi huwapoza ngozi, na hapo ndipo penye hatari: mionzi ya urujuanimno haina joto la kumwonya mtu. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na miezi ya Machi na Septemba jua husimama utosini.

Mionzi hiyo ikipenya ngozini, DNA ndani ya chembe hai huinyonya. Vijenzi viwili vya thimini vilivyo jirani hugandana, na uzi wa DNA hupinda. Vimeng'enya hukikata kipande kilichoharibika na kujaza kipya. Kwa kuufafanua ukarabati huo, Aziz Sancar alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Hata hivyo, yapo makosa yanayoponyoka. Yakiangukia jeni zinazozuia chembe kuzaana ovyo, saratani hupata mlango.

Ngozi nyeusi ina melanini, inayojipanga juu ya kiini cha chembe kama mwavuli. Jicho halina bahati hiyo. Protini za lenzi, kristalini, hudumu miaka mingi, na zile za katikati humfuata mtu tangu utotoni hadi kaburini bila kubadilishwa. Mionzi huziharibu umbo kidogo kidogo, zikashikamana, lenzi ikaingia ukungu. Huo ndio mtoto wa jicho. Mwaka 1988, Hugh Taylor na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wavuvi na mabaharia 838 wa ghuba ya Chesapeake, Marekani: kadiri mtu alivyopigwa na mionzi mingi, ndivyo hatari ya aina moja ya ugonjwa huo ilivyopanda. Na jua la Chesapeake si la Lamu!

Mgeni anayekodi mashua hujipaka mafuta na kuvaa miwani. Nahodha wake, atakayekuwa juani kesho na miaka ijayo, ndiye anayestahili kinga hiyo kwanza. Kofia pana ya ukili na miwani vihesabiwe vifaa vya kazi, sawa na jaketi okozi.

Kwa wenye ualbino jambo ni la dharura zaidi, kwa kuwa melanini yao ni haba. Mjini Moshi, Tanzania, hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua, Kilisun, kwa ajili yao, na Kenya ina mpango wa serikali wa kuwagawia mafuta ya kinga bure. Yafikishwe hadi Faza, Kizingitini na Kiwayu kwa boti ya kliniki. Mtu asilazimike kulipa nauli hadi mji wa Lamu kufuata chupa moja.

Serikali ya kaunti ikinunua miwani, ichague yenye alama ya UV400. Kioo cheusi kisicho na kinga hupanua mboni, na mionzi hupata nafasi kubwa zaidi ya kuingia.