Asilimia 99 ya Nini?

Mjadala wa antivairasi ukianza katika kundi lolote la WhatsApp, haupiti muda mtu anabandika picha ya skrini yenye medali, nyota tano na asilimia 99.9. Wa pili anamjibu kwamba hiyo ni biashara ya kutishana tu. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye fundi wa kundi, anasema yeye hatumii chochote na hajawahi kupata tatizo. Wote watatu wanabishania vipimo ambavyo hawajavisoma. Vipimo hivyo vipo, vinatolewa bure, na hakuna kati yao ambaye vitampendeza sana. Nazijibu hoja zao hapa kwa mpangilio wa zinavyonikera.

"Antivairasi za simu ni utapeli mtupu."

Nyingi, ndiyo. Zote, hapana, na anayezichanganya anawafanyia kazi matapeli.

Mwaka 2014 programu iitwayo Virus Shield iliuzwa kwa dola 3.99 katika duka la Google Play na kupanda hadi kileleni mwa orodha ya programu mpya za kulipia. Waandishi wa Android Police walipoipasua wakakuta ina kazi moja: ukiigusa, alama ya X inageuka kuwa tiki. Basi. Google iliwarudishia wanunuzi pesa zao.

Miaka mitano baadaye maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, ilichukua programu 250 za Android zilizojiita za usalama na kuzipima kwa simu halisi dhidi ya programu hasidi 2,000 zilizokuwa zimeenea mwaka uliotangulia. Programu 80 tu ndizo zilizokamata zaidi ya asilimia 30 bila kushtaki programu safi hata moja. Yaani zaidi ya theluthi mbili zilishindwa mtihani ambao alama ya kufaulu ilikuwa thelathini.

Utamu wa ripoti ile uko katika maelezo ya jinsi baadhi zilivyoshindwa. Hazikuwa zinachunguza faili kabisa. Zilikuwa na orodha ya majina yanayoaminika, kisha zikaita kila kisichomo kwenye orodha kirusi. Jina la kifurushi likianza na "com.adobe", linapita, mwenye kirusi angekiita hivyohivyo naye angepita akitabasamu. Watengenezaji wengine walisahau hata kuweka jina la programu yao kwenye orodha, kwa hiyo antivairasi ikajikamata yenyewe na kumtangazia mwenye simu kwamba yuko hatarini.

Lakini katika jedwali hilohilo, programu 23 zilikamata vyote 2,000. Anayesema zote ni sawa hajaona kwamba kipimo kilekile anachokitumia kuthibitisha utapeli ndicho kinachowatenga waliofanya kazi. Na nyota za dukani hazikusaidia kitu: programu kadhaa zilizoshindwa vibaya zilikuwa na maoni mazuri, kwa sababu mtumiaji anasifia alichokiona, na alichokiona ni tiki ya kijani.

"Maabara zinalipwa na makampuni, kwa hiyo matokeo yananunuliwa."

Hoja hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana naipa nafasi kubwa. Ni kweli kwamba maabara kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives hupata sehemu ya mapato yao kutoka kwa makampuni yanayopimwa. Kukusanya virusi vipya kila siku na kuendesha vyumba vya kompyuta zinazoambukizwa na kusafishwa upya ni gharama, na msomaji halipii chochote. Mwenye wasiwasi ana haki ya kuwa nao.

Tazama sasa yaliyotokea mwaka 2015. Kampuni ya Qihoo 360 ya China ilikuwa ikipeleka maabara toleo ambalo injini ya Bitdefender, iliyokodishwa kutoka Romania, imewashwa, huku injini yake yenyewe imezimwa. Wateja wake wa kawaida nyumbani walikuwa wakipata kinyume chake. Kwa hiyo medali ilikuwa ya programu moja na mteja akapewa nyingine. Aprili mwaka huo AV-TEST, AV-Comparatives na Virus Bulletin, ambao kwa kawaida ni washindani, walitoa tamko la pamoja na kuifutia Qihoo vyeti na nafasi zote za mwaka ule. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Tencent, kampuni kubwa zaidi, kwa kosa la kuweka marekebisho yaliyopendeza kwenye vipimo bila kumfaidi mtumiaji. Qihoo ilijitetea kwamba mteja ana uhuru wa kuwasha injini aitakayo. Utetezi huo haukurudisha vyeti.

Mtu aliyenunuliwa hamfukuzi mnunuzi wake hadharani. Kama kuna funzo katika kisa hiki, ni kwamba udanganyifu huanzia upande wa anayepimwa, ambaye ana kila sababu ya kuujua mtihani mapema na kuvaa vizuri siku hiyo. Ndiyo maana maabara makini hununua au kupakua programu kama mteja yeyote, badala ya kungoja bahasha kutoka kwa mtengenezaji.

Shinikizo jingine hutoka mahakamani. Mwaka 2017 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike iliiomba mahakama ya Delaware, Marekani, izuie maabara ya NSS Labs kutangaza matokeo yasiyoipendeza. Mahakama ikakataa, matokeo yakatoka. Miaka miwili baadaye pande mbili zikapatana, NSS ikakiri kwamba kipimo chake hakikukamilika, na mwaka 2020 ikafunga milango. Hapa hakuna shujaa. Kwa mawazo yangu, swali la maana si kama maabara imelipwa, ni kama imeandika wazi imepima toleo gani, lini, kwa virusi vilivyotoka wapi, na kama aliyepimwa alipewa nafasi ya kupinga. Jumuiya ya AMTSO, iliyoanzishwa mwaka 2008, ipo kwa ajili ya kudai mambo hayo. Ripoti isiyoyataja iache.

"Hii imepata 99.8, ile 99.4. Bora hii."

Piga hesabu. Katika vipimo vya mazingira halisi idadi ya mashambulizi kwa duru moja mara nyingi huwa mamia tu. Chukua 500. Asilimia 99.8 ni mashambulizi 499 yaliyozuiwa, na 99.4 ni 497. Unabadilisha programu, unalipa mwaka mzima, kwa sababu ya tofauti ya visa viwili, na duru ijayo vinaweza kugeuka. AV-Comparatives wenyewe huzikusanya bidhaa zenye matokeo yanayokaribiana katika fungu moja na kuzipa tuzo ileile. Wanaozipanga namba moja hadi kumi na saba ni watu wa matangazo.

"Nzuri ni ile inayokamata sana."

Muulize aliyekuwa na Windows XP tarehe 21 Aprili 2010. Siku hiyo McAfee ilisambaza sasisho lililoliona svchost.exe, faili ambalo Windows haiishi bila hilo, kuwa ni kirusi. Antivairasi ikalifungia. Kompyuta zikaanza kujizima na kujiwasha bila kikomo katika ofisi, hospitali na vyuo vya nchi nyingi. Australia, baadhi ya maduka ya Coles yalifunga milango kwa sababu mashine za kulipia zilikuwa zimekufa. Hakuna mdukuzi aliyehusika.

Ndiyo maana AV-TEST hugawa alama 18 katika mafungu matatu ya sita sita: ulinzi, uzito wa programu kwenye mashine, na usumbufu, ambamo tahadhari za uongo huhesabiwa. AV-Comparatives nao hushusha daraja la tuzo kwa bidhaa inayoshtaki ovyo. Anayekuonyesha asilimia ya kukamata peke yake amekukatia jedwali katikati.

"Mimi nimeipima mwenyewe."

Kwa EICAR? Huo ni mstari wa herufi 68 usio na madhara, uliokubaliwa na watengenezaji ili uhakikishe programu imewashwa. Kuukamata ni kuitika jina. Kwa VirusTotal, basi? Huduma ile, iliyozaliwa Málaga na kununuliwa na Google mwaka 2012, hukuonyesha injini kadhaa zinasemaje kuhusu faili lako, lakini wenyewe wameonya kwamba haifai kulinganishia antivairasi. Injini zilizoko pale ni zile za kuchungulia faili likiwa limelala. Sehemu inayotazama faili linafanya nini likishafunguliwa, na inayozuia tovuti ya ulaghai kabla hujafika, hazipo pale.

"Ya Windows yenyewe inatosha, za kulipia ni kutupa pesa."

Mwaka 2012 ungechekwa. Microsoft Security Essentials ilinyimwa cheti na AV-TEST. Kufikia 2019 mrithi wake, Defender, alikuwa anachukua 18 kati ya 18. Kwa mtu mwenye intaneti ya kudumu hoja hii siipingi.

Napinga inapofika kwenye stationery yetu. Unaijua ile kompyuta ya kuchapishia, data imezimwa ili bando lisiishe, flash za watu arobaini zinaingia na kutoka kwa siku. Unachomeka yako, unarudi nyumbani, folda zote zimegeuka shortcut za KB 1. Mafaili hayajapotea, yamefichwa, na ukibofya shortcut unakiamsha kirusi kabla folda haijafunguka. Kwa kompyuta kama hiyo safu ya kutazama katika ripoti za AV-Comparatives ni ile ya ukamataji bila intaneti, ambayo huandikwa kando na ya ukamataji ukiwa mtandaoni. Ndipo bidhaa zinapoachana. Defender na nyingine kadhaa hutegemea sana seva za mbali kuamua faili ni salama au la. Ukizikatia mtandao alama zinashuka, wakati nyingine zinabaki karibu palepale. Medali ile ya 18 kwa 18 ilipatikana kwa mashine iliyounganishwa saa zote.

Ukisoma ripoti moja tu mwaka huu, soma safu hiyo. Sijaona tangazo hata moja linaloitaja.

"Nina antivairasi kwenye simu, pesa zangu ziko salama."

Kuna mahali inasaidia kweli. Matoleo ya WhatsApp yaliyochezewa, ambayo watu huyapenda kwa sababu ya rangi na kuficha tiki za bluu, hupatikana nje ya duka rasmi. Agosti 2021 kampuni ya antivairasi ya Kaspersky ilikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba kirusi Triada, chenye uwezo wa kuleta virusi vingine na kuiandikisha simu kwenye huduma za kulipia bila mwenyewe kujua. Antivairasi nzuri hulizuia faili kama hilo usiku uleule ulipotumiwa na binamu yako.

Ila ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauna kirusi ndani yake. Ni maneno. Laini ikihamishiwa kwa mtu mwingine kwenye mfumo wa mtandao wa simu, programu iliyoko kwenye simu yako haioni kitu. Kirusi kilichokuja na simu kutoka kiwandani nacho ni mkasa mwingine: mwaka 2020 kampuni ya Upstream iliripoti kukuta Triada na xHelper kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, na xHelper ilirudi hata simu ikifutwa yote. Programu uliyoipakua dukani haina mamlaka ya kung'oa kilichopandwa kwenye mfumo wenyewe.

Kisha kuna mikopo ya mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Nyingi za aina hii huomba kusoma majina yote kwenye simu na ujumbe mfupi, nawe unabonyeza kukubali kwa sababu unahitaji elfu hamsini jioni hiyo. Ukichelewa, mkweo anapigiwa. Kwa macho ya antivairasi hapo hakuna aliyevunja mlango. Ruhusa umetoa mwenyewe, na maabara nyingi huziweka kando programu za namna hii zinapokusanya virusi vya kupimia. Kwa hiyo asilimia 100 kwenye jedwali haikuambii neno kuhusu kausha damu wa kidijitali.

Wenye iPhone wanisamehe kwa ufupi: mfumo wa Apple hauruhusu programu moja kuchungulia nyingine, hivyo kinachouzwa kwao kwa jina la antivairasi ni VPN, kichujio cha tovuti na mengineyo.

"Iliyoongoza vipimo ndiyo ya kuamini."

Avast ilikuwa na medali za kutosha. Januari 2020 waandishi wa Motherboard na PCMag walifichua kwamba kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa inauza kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wa antivairasi hiyohiyo. Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Kaspersky ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka huohuo kwa hofu ya uhusiano na serikali ya Urusi, tuhuma inayoikanusha, huku alama zake za kukamata virusi zikiwa juu kama kawaida. Kipimo cha ulinzi hakikuulizwa kuhusu faragha wala siasa, na hakikujibu. Ukishachagua kutoka kwenye jedwali, fungua sera ya faragha na orodha ya ruhusa. Antivairasi ya simu ina sababu ya kusoma mafaili yako; ikitaka na maikrofoni, uliza ya nini.